Ndala Mbovu na Jani la Sale



Mwezi huu tunawaalika tupande pamoja hadi Old Moshi, kwenye mteremko wa Mlima Kilimanjaro. Tulikwenda huko kujifunza kazi ndogo ya mikono, yaani kuchonga mihuri kutokana na ndala zilizochakaa na kupamba kadi kwa mihuri hiyo. Tulipanda tukitafuta namna ya kupunguza gharama, tukashuka na jambo jingine ambalo hatukulitafuta. Hilo ndilo lililotusukuma kuandika.

Hatuna budi kuanza na aibu yetu, maana bila hiyo safari haieleweki. Kikundi chetu cha akina mama hapa Moshi mjini kina desturi ya kutembelea wagonjwa wodini kila Pasaka na kila Krismasi, hasa watoto waliolazwa kwa muda mrefu. Kila mgonjwa tunamwachia kadi yenye neno la faraja. Miaka miwili kabla ya safari hii tulikubaliana kununua kadi zilizochapwa, zile za dukani zenye picha za kung'aa, kwa shilingi 180,000. Nyingine tungezigawa na nyingine tungeziuza ili fedha irudi mfukoni. Kadi hazikuuzika. Siku hizi watu wengi hutumiana salamu kwa simu, na sisi hatukulifikiria hilo. Nusu ya kadi zilibaki ndani ya boksi.

Baada ya miezi michache mwenzetu mmoja alipata msiba. Tulipofungua kasha ili tumpelekee rambirambi, tulikuta fedha haitoshi hata kununua mchele na mafuta. Hapo tukaanza kutafuta wa kulaumiwa, na macho yote yakamwangukia mweka hazina. Hakuna aliyesema kwamba ameiba. Lakini pia hakuna aliyesimama kusema, "Jamani, tulikubaliana sote." Ukimya wetu ulitosha kumhukumu. Wiki iliyofuata alirudisha daftari na ufunguo wa kasha, akaaga kwa heshima, na hakuja tena. Tulikutana naye sokoni tukasalimiana kama watu wasiofahamiana vizuri.

Kwaresima ilipokaribia tukawa tunajiuliza kadi za wodini tutazipata wapi. Mmoja wetu, ambaye kwao ni Old Moshi, akasema kwamba jirani ya mama yake kuna mwalimu mstaafu anayetengeneza kadi nzuri kwa ndala mbovu. Tulicheka. Lakini alipotuonyesha kadi moja aliyokuwa ameihifadhi ndani ya Biblia yake, tuliacha kucheka. Tukapanga Jumamosi, tukawa wanne.

Njia ya kupanda

Kutoka Moshi mjini tulishika barabara kuu ya kuelekea Himo, tukashuka Kiboriloni. Kila mama wa Moshi anaifahamu Kiboriloni kwa soko lake la mitumba. Hapo ndipo tuliponunua mahitaji yetu ya kwanza, maana tuliagizwa tusipande mikono mitupu: kila mmoja aje na ndala moja nene ya sponji laini, iliyochakaa lakini isiyopasuka. Muuza viatu alitushangaa tulipomwambia tunataka zile alizokwisha kuzitupa pembeni. Akatupa sita bure, akatuombea heri.

Kutoka Kiboriloni barabara inakata kuelekea mlimani. Tulipata gari aina ya Noah, tukabanana pamoja na mkungu wa ndizi na debe la pumba. Kadiri tunavyopanda, joto la mjini linabaki nyuma. Vumbi linageuka udongo mwekundu wenye unyevu, na mashamba ya mahindi yanawapisha migomba na kahawa. Unasikia maji kabla ya kuyaona. Ni mifereji ya asili, ile ambayo wazee wa Kichagga waliichimba ili kuyatoa maji mitoni na kuyapitisha kihamba kwa kihamba.

Tulipita Tsuduni, mahali ambapo Mangi Meli alinyongwa na Wajerumani mwaka 1900. Mti unaoaminika kuwa ndio aliotundikwa ungalipo, na wageni hufika kuuona. Mwenzetu mwenyeji alitukumbusha kwamba Moshi ya kwanza ilikuwa huku juu. Mji ulihamia chini ilikojengwa stesheni, reli kutoka Tanga ilipofika mwanzoni mwa miaka ya 1910, na huku kukabaki kuitwa Old Moshi. Mbele zaidi ni Kidia, penye usharika wa siku nyingi. Wamisionari wa Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893, na mmoja wao, Bruno Gutmann, alihudumu Old Moshi kwa miaka mingi hadi mwaka 1938. Alijulikana kwa kuandika kwa kirefu juu ya mila na sheria za Wachagga.

Tulishuka garini tukatembea kwa mguu, tukifuata njia nyembamba kati ya vihamba. Hapa mpaka wa shamba na shamba hauna seng'enge wala ukuta wa matofali. Mpaka ni safu ya masale, mimea ya kijani yenye majani marefu, ya jamii ya Dracaena. Anayeng'oa sale la mpakani amegusa ugomvi wa ukoo. Tuliyapita masale hayo tukizungumza mambo yetu, wala hatukujua kwamba jioni tutarudi tukiwa tumeyashika mkononi.

Darasa chini ya mgomba

Mwalimu alitupokea kwa salamu ya nyumbani, "Shimbonyi!" na baada ya hapo akatukaribisha kwa mtori wa moto. Ni mama wa miaka zaidi ya sabini, mwenye mgongo ulionyooka na miwani iliyofungwa kwa uzi. Alifundisha shule ya msingi, madarasa ya chini. Alitueleza kwamba mihuri aliianza darasani, kwa sababu vitabu vilikuwa vichache na watoto walikuwa wengi. Alichonga picha ya ndizi, ya kuku, ya jembe, akazigonga kwenye madaftari ili watoto wahesabu na kuandika majina ya vitu. "Picha moja nikiichora mara sitini, mkono unakufa," alisema. "Nikiichonga mara moja, wanafunzi sitini wanaipata kabla kengele haijalia."

Tulimwambia kwamba tumewahi kusoma juu ya watu wa pwani ya Kenya, upande wa kisiwa cha Kiwayu, ambao tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 wamekuwa wakiokota ndala zilizoletwa na bahari na kuzichonga kuwa wanyama wa kupamba nyumba. Mwalimu akajibu kwamba hilo halimshangazi, kwa kuwa watoto wa kila mahali wamekuwa wakikata magurudumu ya magari yao ya kuchezea kutoka kwenye ndala za baba zao. Sponji ya ndala ni laini kwa wembe, haivunjiki, haiozi, tena inashika rangi vizuri.

Sasa tuwaeleze kazi yenyewe kama alivyotufundisha, ili nanyi mjaribu nyumbani.

Kwanza, ndala huoshwa kwa sabuni na brashi hadi itoke matope na mafuta yote, kisha hukaushwa kivulini. Jua kali huikunja. Ndala ngumu ya mpira mtupu haifai kwa anayeanza. Chagua ile ambayo ukiiminya kwa kidole inabonyea na kurudi. Sehemu ya kisigino ndiyo nene, lakini kama imelika upande mmoja muhuri utagonga nusu. Mwalimu hutumia sehemu ya katikati ya wayo, ambayo huwa haijalika sana.

Pili, chora picha kwenye karatasi nyembamba kwa penseli laini, igeuze karatasi juu ya sponji, halafu isugue kwa nyuma ya kijiko. Penseli itahamia kwenye sponji ikiwa imegeuka, na utakapogonga itarudi kuwa sawa. Hatua hii ndiyo tuliyoipuuza. Tulitaka kuchonga maneno PASAKA NJEMA, tukayaandika moja kwa moja kwenye sponji. Tulipogonga, herufi A na M hazikutudhuru, kwa kuwa kulia na kushoto kwao ni sawa, lakini P, S, K, N, J na E zote zilitutazama kwa nyuma, na neno lenyewe likaanzia mwisho. Mwalimu alicheka hadi akavua miwani. Akatushauri tuchonge picha na maneno tuyaandike kwa kalamu.

Tatu, kata kwa wembe. Hapa tunaomba akina mama watusikilize, kwa sababu kama wauguzi tumeshona vidole vingi. Usishike wembe mtupu. Upande mmoja uufunge kwa kitambaa kinene na gundi ya karatasi, au uubane kwenye kijiti kilichopasuliwa. Sponji iweke juu ya ubao, si kiganjani, na kata ukielekeza wembe mbali na mkono ulioshika. Nyembe zilizotumika tia ndani ya kopo lenye kifuniko, usizitupe shimoni watoto wanakochezea. Mmoja wetu aliuliza kama si heri kutumia visu vidogo vya upasuaji. Tukamjibu wenyewe, kabla ya Mwalimu, kwamba vya hospitali ni vya hospitali.

Watoto wadogo wasipewe wembe kabisa. Kwao zipo zile karatasi nyembamba za sponji za rangi zinazouzwa kwenye maduka ya vifaa vya shule. Hizo hukatwa kwa mkasi, na mistari ya ndani hukandamizwa kwa kalamu iliyokwisha wino. Palipobonyea hapashiki rangi, na mstari mweupe hutokea kwenye karatasi. Hata mtoto wa darasa la pili anaweza.

Nne, bandika muhuri kwenye kishikio. Kipande cha ubao kinafaa, hata kifuniko cha chupa ya maji kinatosha kwa muhuri mdogo. Gundi ya fundi viatu ndiyo bora, lakini ina harufu kali inayoumiza kichwa, hivyo ipakeni nje penye hewa, mbali na watoto na moto.

Tano, rangi. Chukua kipande cha sponji ya godoro, kiweke ndani ya kifuniko cha kopo, kilowanishe kidogo, kisha mimina rangi ya maji na uisambaze. Usichovye muhuri ndani ya rangi kama maandazi kwenye mafuta. Ugonge taratibu juu ya sponji hiyo, ujaribu kwanza kwenye gazeti, halafu kwenye kadi. Kandamiza wima, hesabu hadi tatu, inua wima. Ukiusukuma pembeni picha itapakaa. Kahawa nzito iliyopoa hupaka karatasi rangi ya hudhurungi inayopendeza kama mandhari ya nyuma. Manjano ya jikoni nayo hutoa rangi nzuri, lakini hufifia kadi ikikaa penye jua.

Ukimaliza, futa muhuri kwa kitambaa kibichi na uhifadhi ukiwa umelala, usibanwe na kitu kizito.

Kwa karatasi tulitumia manila nyeupe. Ile moja kubwa tuliyonunua ilitoa kadi 16 za kukunja. Mwalimu huongeza vipande vya gome kavu la mgomba, ambalo lina rangi za kahawia zilizokolea na kupauka kwa mistari, akalibandika kama shina na kugonga majani juu yake. Buni za kahawa hazigongi kwa ndala. Huchukua kifutio kilicho nyuma ya penseli, akakichovya kwenye rangi nyekundu, na kila mgongo mmoja ni buni moja iliyoiva. Kilele cha Kibo hukikata kwa pande mbili, mlima kwa rangi ya buluu, na theluji huiacha kuwa ni weupe wa karatasi yenyewe.

Tuliuliza kama kazi hiyo inamwingizia chochote. Alituambia kwamba wateja wake wakubwa si wa kadi za Krismasi. Ni kamati za kipaimara na za harusi, ambazo huhitaji kadi za mchango kwa wingi. Tena tangu mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipopigwa marufuku nchini tarehe 1 Juni 2019, akina mama wanaouza kahawa ya kusaga, asali na unga wa ndizi humletea mifuko ya kaki awagongee alama zao. Hapo alitupa onyo: alama ya biashara yako ni halali yako, lakini muhuri wa shule, wa kijiji au wa ofisi yoyote usiuguse hata kwa mzaha. Kughushi ni kosa la jela. Kuna kijana aliwahi kumletea karatasi ya namna hiyo aichonge, akamfukuza kwa fimbo ya kuchungia mbuzi.

Jani la sale

Mchana ulipopinduka, Mwalimu akachukua muhuri mmoja kutoka kwenye kopo lake, akaugonga katikati ya kadi tupu. Likatokea jani refu la kijani, limefungwa fundo katikati. Mistari yake ya ndani ilikuwa imetulia kama ya jani halisi. Sote tulikubaliana kwamba hakuna kadi iliyokuwa nzuri kuliko hiyo.

Wasomaji wetu wa Kilimanjaro wanajua maana yake. Kwa wengine tueleze kidogo. Mchagga aliyemkosea mwenzake huenda kuomba msamaha akiwa na jani la sale, mara nyingi limefungwa fundo, au huenda mzee kwa niaba yake. Anayeletewa sale, hata kama moyo unawaka, desturi inamtaka asikilize na asamehe. Mmea uleule unaoweka mpaka kati ya watu wawili ndio unaowarudisha pamoja.

Tulitazamana. Hakuna aliyetaja jina, lakini sote wanne tulikuwa tukimfikiria mtu mmoja. Mwishowe aliyekuwa mdogo kati yetu akasema, "Tumgongee mama yule kadi hii. Tumtumie na watoto wa jirani yake." Tulifurahi. Kadi ilikuwa nzuri, maneno tungeyapata, na hatungelazimika kumtazama machoni.

Mwalimu hakujua habari zetu, ikabidi tumsimulie. Alisikiliza huku akifuta muhuri wake. Kisha akauliza, "Ni nani aliyemkosea?"

Tukasema, "Ni kikundi, Mwalimu."

"Kikundi hakina mdomo, wanangu. Ni nani aliyenyamaza?"

Hakuna aliyejibu, na yeye hakutulazimisha. Alituambia tu kwamba kadi hizo za sale huuza kwa watu wengi, hasa Desemba, wakati Wachagga wanaporudi nyumbani kutoka kila upande wa nchi. Lakini kila anayenunua humwambia neno moja: "Jani la sale halitumwi. Linabebwa." Muhuri, alisema, kazi yake ni kurudia lililokwisha kufanywa. Waweza kugonga salamu mia moja kwa asubuhi moja na zote zikawa za kweli. Msamaha hauna muhuri. Huombwa mara moja, na mtu mmoja, mbele ya mtu mmoja.

Akainuka, akaenda mpakani mwa kihamba chake, akakata jani moja la sale. Hakutuuliza kama tunalitaka. Alilifunga ndani ya jani la mgomba lisinyauke, akatupa pamoja na kadi.

Kushuka

Mvua za masika zilikuwa zimeanza kupiga hodi. Tulishuka kwa mguu sehemu yenye utelezi, viatu mkononi, na hatukuzungumza sana. Kwa kawaida sisi ni watu wa kuzungumza.

Tulipofika mjini tungeweza kwenda kila mtu kwake na kupanga siku nyingine. Tunajua ingekuwaje: siku nyingine ingekuwa baada ya Pasaka, na jani lingekauka juu ya kabati. Tukaenda jioni ileile, na matope miguuni.

Mweka hazina wetu alifungua mlango, akatuona, akaona jani. Kwao ni Kibosho, hakuhitaji kufafanuliwa. Tulikuwa tumepanga mmoja azungumze kwa niaba ya wote, lakini tulikumbuka swali la Mwalimu. Kila mmoja alisema kwa kinywa chake: nami nilinyanyua mkono siku ile ya kununua, na nami nilinyamaza siku ile ya kasha. Ni maneno mafupi, lakini tunawaambieni kweli, kuyatamka kulitushinda zaidi ya kupanda Old Moshi.

Alisimama kimya kwa muda mrefu. Kisha akalipokea jani, akasema, "Mmechelewa." Na baada ya kidogo, "Haya, piteni ndani, mtapata baridi."

Hatutawadanganya kwamba mambo yote yalirudi kama mwanzo jioni hiyo. Alilia, nasi tulilia. Alituambia kwamba mume wake alimwuliza mara nyingi fedha za kanisa zimekwenda wapi, na kwamba binti yake alisikia maneno hayo shuleni. Haya hatukuyajua. Kosa tuliloliona dogo kwa upande wetu lilikuwa limeingia hadi mezani kwake. Kazi ya hazina hakukubali kuirudia, na hadi leo anaishika mwingine. Sasa hivi tumeandika kwenye daftari kwamba kila ununuzi wa zaidi ya kiasi tulichopanga utiwe sahihi na watu watatu, ili mzigo usimwangukie mmoja.

Lakini chai ilipokuwa ikimiminwa aliitazama kadi yetu, akaigeuza, akauliza, "Zile za dukani ziko wapi?" Tukamwambia zipo, ndani ya boksi. Akasema, "Zikateni katikati penye mkunjo. Nusu ya nyuma upande mmoja una salamu zilizochapwa, upande wa pili ni mweupe. Gongeni mihuri yenu huko." Miaka miwili hatukuliona jambo hilo. Alhamisi iliyofuata alikuja mwenyewe na mkasi wake, tukakata boksi zima. Kadi zilizotutenganisha ndizo zilizokwenda wodini Pasaka ile, hakuna hata shilingi moja iliyoongezwa ila rangi.

Wodini

Tuseme na neno kwa wale watakaopenda kuipeleka kazi hii kwa wagonjwa. Sponji ina matundu madogo, nayo haiwezi kusafishwa kwa dawa ikawa salama kabisa. Kwa hiyo muhuri alioushika mtoto mmoja usipewe mwingine. Tulichonga midogo mingi, kila mtoto akapewa wake na kuondoka nao. Omba ruhusa kwa muuguzi wa zamu kwanza, nawa mikono kabla na baada ya kila kitanda, na rangi isikaribie kidonda wala bandeji.

Kulikuwa na mtoto mmoja ambaye mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa wote. Alikuwa amekataa kadi zetu za miaka iliyopita kwa sababu, alisema, hawezi kuandika jibu. Tulimpa muhuri wa kuku katika mkono wa kushoto. Aligonga kuku mmoja, akatazama, akagonga wa pili, akaendelea hadi karatasi ikajaa. Kisha akamwita mama yake aliyekuwa amesinzia kwenye kiti, akamwambia, "Mama, barua yako."

Mama mpendwa msomaji, ndala mbovu ipo katika kila nyumba. Kaa na wanao Jumamosi moja, uwafundishe kuchonga jani, kuku au mlima. Ni kazi ya furaha, haidai fedha, na kadi iliyogongwa na mkono wa mtoto bibi yake ataitunza kuliko ya dukani.

Lakini kabla hujamgongea mtu kadi, jiulize kama kuna mlango unaopaswa kuubisha kwanza. Bwana Yesu, katika Mathayo 5:23-24, alifundisha kwamba anayeleta sadaka akakumbuka kuwa ndugu yake ana neno juu yake, aiache sadaka pale, aende kwanza wakapatane. Sisi tulikuwa tayari kupeleka kadi kwa wagonjwa wa watu wote, na mwenzetu tulimpita sokoni.

Jani lile la sale lilikauka, lakini mweka hazina wetu wa zamani hakulitupa. Amelibandika ndani ya jalada la daftari lake la nyimbo. Pasaka inapokaribia ndiye anayetukumbusha kukusanya ndala.